Shajara ya mradi: mabomba mapya ya kutolea hewa kwenye chumba cha dobi, pwani ya mashariki ya Unguja

Jumatatu. Ukaguzi

Kusi limeshika, na kusi likishika upande huu wa kisiwa hakuna anayeanika shuka nje. Mchanga na chumvi ya bahari vinafika kwenye kamba kabla ya nguo. Kwa hiyo hoteli inategemea mashine za kukaushia kwa kila shuka na kila taulo. Ziko tatu, za gesi ya mitungi. Kila moja inabeba kilo 23 za nguo, bana yake, yaani kichomeo cha gesi, ni ya kilowati 38, na mdomo wa nyuma wa kutolea hewa una kipenyo cha milimita 200.

Nimemkuta mama mkuu wa dobi anajipepea kwa kipande cha boksi. Shikamoo mama. "Marahaba mwanangu. Umekuja kutuokoa au kutuzika?" Malalamiko yake ni mawili: taulo zinakaa zaidi ya saa nzima na bado zinatoka na unyevu, na mashine ya katikati inajizima.

Kwa asiyezijua mashine hizi: feni inavuta hewa ya chumbani, inaipitisha kwenye moto wa bana, hewa ya moto inaingia kwenye pipa linalozungusha nguo, inapita kwenye chujio, kisha inasukumwa nje. Chujio hakishiki manyoya yote ya nguo. Yanayopenya yanasafiri bombani pamoja na mvuke, na pamoja na moshi wa gesi iliyoungua, kwa sababu bomba ni hilo hilo moja. Mzigo mmoja wa taulo unaweza kutoa zaidi ya lita 10 za maji, na yote yanapita humo. Bomba likiziba au likivuja, kuna mambo matatu ya kuogopa kwa pamoja: manyoya makavu karibu na moto, mvuke unaooza dari, na kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, ndani ya chumba chenye watu.

Sasa niliyoyaona. Nyuma ya kila mashine kuna mpira wa foili wa kujikunja, wenye mabonde kila sentimita, umebanwa na mashine hadi umekaa bapa. Mipira yote mitatu inaingia kwenye bomba moja la milimita 250 lililolala juu ya dari kwa mita kama 7, kisha linatokeza ukuta wa magharibi. Viungo vimekazwa kwa skrubu ndefu zilizoingia ndani, na kila ncha ya skrubu imevaa ndevu za manyoya. Kwenye mdomo wa nje mtu ameweka wavu wa kuku ili kunguru wasiingie. Kunguru kweli hawakuingia. Manyoya nayo hayakutoka: nimevuta bonge la kijivu lenye unene wa kiganja, bichi upande wa nje, kavu kabisa upande wa ndani.

Ndani ya mashine ya katikati, swichi ya hewa imefungwa kwa waya ibaki imebanwa. Kazi ya swichi hii ni kuhisi kama hewa inapita na kukata gesi isipopita. Bomba lilipoanza kuziba, swichi ikawa inazima moto, yaani inafanya kazi yake sawasawa. Aliyekuja kabla yangu akaona swichi ndiyo mbovu. Kinachoizima mashine siku hizi ni kinga ya joto kali, na hiyo ndiyo kinga pekee iliyobaki.

Halafu makuti. Mita 3 kutoka mdomo wa bomba kuna banda la chakula la wafanyakazi. Nimepanda ngazi, nikapanua makuti kwa vidole upande unaoelekea bomba. Kati ya kuti na kuti kuna manyoya yamejipanga hadi ndani, makavu, mepesi, na chini yake mpishi anachochea jiko la mkaa. Nimeyapiga picha na kumwonyesha meneja palepale.

Nimefunga valvu ya gesi ya mashine zote tatu na kuandika kwenye kitabu chao. Meneja amelalamika kwamba vyumba vimejaa. Tumekubaliana shuka ziende kwa dobi wa mjini mpaka nimalize.

Jumanne. Majadiliano

Pendekezo la kwanza la meneja lilikuwa kuunganisha mabomba kwenye bomba la moshi wa jikoni, kwa kuwa lipo na lina feni kubwa. Hilo halikuchukua muda. Mafuta ya kupikia yameshaganda ndani ya bomba lile. Ukiyaongezea manyoya ya pamba umetengeneza utambi wa urefu wa jengo zima. Bomba la mashine ya kukaushia haliungani na kitu kingine chochote.

Pendekezo la pili lina hoja ndani yake: bomba moja kubwa kwa mashine zote, tundu moja ukutani, kazi safi kwa macho. Linawezekana, na mahali pengi duniani linafanywa hivyo. Lakini lina hesabu zake. Mdomo wa milimita 200 una eneo la sentimita za mraba 314. Mashine mbili zikikutana unahitaji 628, yaani bomba lisilopungua milimita 283. Ya tatu ikiingia unahitaji 942, yaani milimita 346. Kwa bati la kununua, 350. Bomba la zamani la 250 lina 491 tu, nusu na ushei wa kinachotakiwa. Hata bila wavu wa kuku lilikuwa linazikaba.

Na hata ukilipanua, kuna tatizo ambalo kwenye mchoro halionekani. Kila mashine inasukuma kama mita za ujazo 0.35 kwa sekunde. Ndani ya bomba lake la 200 hewa hiyo inakwenda kasi ya mita 11 kwa sekunde, na manyoya yanaruka nayo hadi nje. Peke yake ndani ya bomba la 350, inashuka hadi mita 3.6. Saa za asubuhi dobi huwa wanawasha mashine moja tu. Manyoya ya asubuhi yangelala kwenye sakafu ya bomba kusubiri. Tena kila mashine ingehitaji kizuizi cha kuzuia hewa isirudi, la sivyo moshi wa mashine inayofanya kazi unarudi kupitia iliyozimwa. Nimeshafungua mabomba ya namna hiyo, na mimi kwa hoteli ya ukubwa huu siyapendi.

Kwa hiyo: mabomba matatu, kila mashine na lake, mafupi kadiri inavyowezekana. Kitabu cha mashine hizi kinaruhusu mita 4.3 za bomba na elbo mbili, yaani viungo vya kupinda kona. Watu husahau kwamba elbo nayo ni urefu: elbo moja ya 200 inaizuia hewa sawa na bomba nyoofu la mita 2.8. Nikiinua bomba nyuma ya mashine na kulitoa kwenye ukuta wa nyuma, napata mita 2.5 na elbo mbili. Dari haiguswi tena.

Meneja aliuliza kama kweli mashine ya nguo inaweza kuunguza hoteli. Nimempa takwimu za idara ya zimamoto ya Marekani: kati ya 2008 na 2010, moto wa aina hii majumbani ulikadiriwa kuwa 2,900 kwa mwaka, na sababu iliyoongoza ni kutosafisha. Hizo ni mashine ndogo za nyumbani. Halafu nikamwonyesha tena picha ya makuti. Nadhani picha ndiyo iliyomaliza mazungumzo.

Jumatano. Upande wa kutokea

Kwenye pwani hii kusi linatoka kusini-mashariki na kaskazi linatoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo misimu yote miwili upepo unapiga uso wa mashariki wa jengo. Bomba likitazama baharini, kuna siku za Julai upepo utashindana na feni na kushinda. Ukuta wa magharibi ndio wenye kivuli cha upepo mwaka mzima. Ndio huo huo wenye banda la makuti.

Nimelizungushia hesabu kila namna. Kupandisha mabomba juu ya paa kungeongeza elbo hadi tatu au nne, na manyoya yangeangukia bati kisha upepo uyapeleke magharibi, yaani makutini tena. Nimeandika wazi kwenye ripoti: banda libadilishwe paa liwe la bati, au lihamishwe, na mashine hazitawashwa kwa kazi ya kila siku kabla ya hapo. Mpishi amefurahi kuliko wote. Makuti yale yanavuja tangu masika.

Alhamisi. Hewa ya kuingia

Hapa ndipo kazi nyingi za mashine za kukaushia zinapoharibika, na hakuna anayeangalia kwa sababu hakuna kitu cha kuangalia. Chumba ni mita 6 kwa 5, kimo mita 3: mita za ujazo 90. Mashine tatu zikifanya kazi pamoja zinatoa mita za ujazo 1.05 kila sekunde. Hewa yote ya chumba inakwisha chini ya dakika moja na nusu. Itokayo lazima iingie mahali, na chumba hiki kina mlango unaojifunga wenyewe pamoja na dirisha la vioo lililozibwa kwa rangi. Ndiyo maana mama wa dobi anasema mlango "una jini": mashine zote zikiwaka lazima uuvute kwa mikono miwili.

Bana ikikosa hewa, mwali unakuwa wa njano na mvivu, na kaboni monoksaidi inaongezeka. Tena chumba kilichofyonzwa hivyo kinaweza kuvuta moshi wa hita ya maji iliyo chumba cha pili na kuurudisha ndani.

Kanuni ya gesi ya Marekani, NFPA 54, inataka kwa mashine za biashara tundu lenye uwazi wa sentimita za mraba 22 kwa kila kilowati. Kilowati 114 za mashine zote tatu zinadai 2,508. Hicho ni kiwango cha chini, na uwazi unaohesabiwa ni ule halisi: luva (vibao vya mlazo vya kupitisha hewa) ya chuma inahesabiwa kwa asilimia 75 ya eneo lake, ya mbao asilimia 25 tu. Nimechora matundu mawili ya sentimita 60 kwa 60 yenye luva za chuma. Yanatoa uwazi wa 5,400, na hewa itaingia kwa karibu mita 2 kwa sekunde badala ya kupiga mluzi. Moja liko chini kabisa usawa wa sakafu, kwa sababu gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa na ikivuja inalala chini. Yote mawili yako ukuta wa kaskazini, mbali na midomo ya kutolea, ili chumba kisivute manyoya yake yenyewe.

Meneja ameomba wavu wa mbu juu ya luva. Nimekataa. Wavu wa mbu kwenye chumba cha dobi unaziba kwa vumbi la pamba ndani ya wiki chache, na tutarudi tulipokuwa. Nimekubali wavu wa matundu makubwa, wa kuzuia paka.

Ijumaa

Vibali na vifaa. Kazi imesimama kwa swala. Bati limefika jioni.

Jumamosi. Karakana

Mjadala wa bati ulikuwa mrefu kuliko nilivyotarajia. Plastiki haiingii hata kwenye mazungumzo. Bati la mabati linatosha bara, lakini hapa chumvi nje na mvuke ndani vitalila haraka. Alumini inavumilia chumvi, ni nyepesi na rahisi kukunja, ila inayeyuka kwenye nyuzi 660. Manyoya yakiwaka ndani, bomba ndilo ukuta wa mwisho, na ningependa ukuta huo ubaki umesimama. Tumechukua chuma cha pua cha milimita 0.7 kwa kila kipande, hadi mdomo wa nje. Kuchanganya chuma cha pua na bati la mabati kwenye hewa ya chumvi ni kulitoa bati sadaka. Linaoza kwenye kiungo.

Kijana wangu amejifunzia kazi kwenye mifereji ya mvua, na ameunganisha vipande vya kwanza kama mfereji: bomba la juu limeingia ndani ya la chini. Kwa maji yanayoshuka ni sawa. Hapa kinachosafiri ni hewa, nayo inapanda. Bomba la chini ndilo linaloingia ndani ya la juu, yaani kila mdomo unaelekea hewa inakokwenda, ili pasiwe na ukingo wa kudaka manyoya. Ameuliza, "Sasa kaka, mvuke ukigeuka maji si utavuja kwenye kiungo?" Swali zuri. Ndiyo sababu kila kiungo kinazibwa kwa tepu ya alumini, ile yenye foili halisi, kisha kinakazwa kwa bangili ya chuma yenye bolti upande wa nje. Tepu ya kitambaa ya rangi ya fedha inayouzwa kila duka haifai. Joto linaikausha gundi na inaachia. Skrubu hakuna hata moja, na riveti nazo nimeziacha.

Chini ya kila bomba, badala ya elbo ya kawaida, tumeweka tii, yaani kiungo cha njia tatu, yenye kifuniko cha kufungua kwa mkono. Hewa inageuka vibaya kidogo kuliko kwenye elbo laini, nimelihesabia hilo, na bado tuko ndani ya kiwango. Bomba lisilofunguka halisafishwi, hata uandike mabango mangapi.

Jumatatu. Kufunga

Mashine zimesogezwa mbele hadi kuacha sentimita 60 nyuma yake, mtu aweze kuingia na ufagio. Mama wa dobi amepoteza nafasi ya meza moja ya kukunjia na hajaficha hisia zake. Matundu matatu yametobolewa kwenye ukuta wa matofali ya simenti kwa mashine ya kukata duara. Kipande cha ulalo kimeinamishwa kidogo kuelekea nje ili mvuke ukigeuka maji, yatoke nje badala ya kurudi kwenye mashine.

Juu ya bomba la kwanza kulikuwa na papi ya kenchi (mbao ya paa), sentimita 8 tu kutoka kwenye bomba. Kanuni inataka milimita 150 kati ya bomba na kitu chochote kinachoweza kuungua. Fundi wa hoteli alishauri tuizungushie papi bati. Bati halipozi mbao, linaficha tu. Tumeshusha tundu la ukuta safu moja ya tofali, nafasi ikapatikana.

Midomo ya nje imepinda kutazama chini, kila mmoja na kipepeo chepesi kinachofunguka kwa hewa na kujifunga mashine ikizimwa. Kunguru wameshakuja kukagua. Hakuna wavu. Mitungi ya gesi iko kona ya kusini, mbali na midomo yote.

Jumatano. Vipimo

Kwanza povu la sabuni kwenye kila kiungo cha gesi. Hakuna kilichotoa mapovu. Hapo ndipo niliporuhusu kitu chochote kuwashwa.

Swichi ya hewa ya mashine ya katikati imefunguliwa waya na haikuwa na ubovu wowote. Nimejaribu zote tatu kwa namna moja: mashine inawaka, nafungua paneli ya chujio, moto lazima ukate. Zote zimekata.

Kisha msukumo ndani ya bomba. Kitabu kinataka usizidi paskali 75, ambazo ni tofauti ya maji ya milimita 7.6 tu kwenye mpira wa maji wa kupimia levo. Tofauti hiyo haisomeki kwa jicho, kwa hiyo nimeufunga mpira kwenye ubao na kuuinamisha, kila sentimita 10 za urefu zikipanda sentimita 1. Sasa milimita 7.6 zinaonekana kama 76. Maji yametiwa rangi ya chakula kutoka jikoni. Ncha moja imeingia kwenye kitundu nyuma ya mashine, nyingine iko wazi chumbani. Mashine ya kwanza: paskali 38. Ya katikati: 36. Ya tatu: 41, na ikicheza hadi 47 upepo unapozunguka kona. Kabla ya kung'oa bomba la zamani nilipima kwa ubao huu huu, na maji yalipita mwisho wa ubao.

Zote tatu zikiwaka, mlango umefungwa, nimewasha kijiti cha udi mbele ya luva. Moshi unaingia ndani moja kwa moja, juu na chini. Kwenye mlango wa chumba cha hita, moshi unasimama wima bila kuvutwa. Mlango unafunguka kwa mkono mmoja. Mama wa dobi ameufungua na kuufunga mara kadhaa ili ajiridhishe kuhusu jini. Mzigo wa taulo za bwawani umekauka ndani ya dakika 40.

Alhamisi. Makabidhiano

Nimekaa na watu wa dobi, si na meneja, kwa sababu wao ndio watakaokuwepo. Chujio kila baada ya mizigo michache, si mwisho wa siku. Kifuniko cha tii kila Jumatatu kwa miezi mitatu ya kwanza, mpaka tujue manyoya yanakusanyika kiasi gani. Kipepeo cha nje kiangaliwe kikicheza.

Wamenieleza jambo ambalo meneja hakulitaja: taulo za spa huja zimelowa mafuta ya kukandia, na huoshwa pamoja na nyingine. Mafuta ya mimea kama ya alizeti yakibaki kwenye pamba iliyopashwa moto yanaendelea kutoa joto yenyewe, na rundo la taulo linaweza kuwaka saa kadhaa baada ya mashine kuzimwa, hata ndani ya kikapu. Bomba zuri halizuii hilo. Kuanzia sasa taulo za spa zinaoshwa peke yake kwa maji ya moto na sabuni nyingi, zikinuka mafuta zinarudi kuoshwa, mzunguko wa kupoza haukatizwi, na hazirundikwi zikiwa za moto.

Kilichobaki: paa la bati la banda la chakula, mafundi wake wanaanza Jumamosi, valvu ya gesi bado imefungwa, nimeitia kufuli na ufunguo uko kwa fundi wa hoteli. Kipepeo cha bomba la tatu kinagonga upepo ukibadilika, nitakitia mpira wa silikoni. Meza ya kukunjia ya mama wa dobi itafungwa bawaba ukutani, iweze kukunjwa juu mtu akitaka kuingia nyuma ya mashine.